Dawa ya Bibi na Njia ya Wapagazi

Juzi goti langu lilivimba, nikachechemea mpaka duka la dawa hapa Chemchem. Binti wa dukani akanipa plasta ya kubandika, ile inayopata moto yenyewe. "Ikipoa, mama, itoe uitupe tu popote," akasema. Nilicheka, akadhani namcheka yeye. Kwetu Kigwa, ndugu yangu, dawa iliyolala kwenye mwili wa mtu haikutupwa popote.

Dawa hiyo aliitengeneza bibi yangu, mama yake mama. Alichagua majani ya mnyonyo yasiyotobolewa na wadudu, akayapitisha juu ya makaa mpaka yakanyauka, kisha akasonga unga wa mtama na kuutia asali kidogo. Kazi yangu ilikuwa kupuliza moto, na kuchapwa kofi la mkononi kila nilipojaribu kulamba mwiko. Donge lile lilifungwa kwa majani na kipande cha kanga kuukuu, na bibi akalijaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe. Mpaka leo harufu ile naijua: asali ya moto, moshi na jani bichi.

Wote walifika kwake, mwenye jipu, mwenye mgongo uliochoshwa na jembe, mwenye mtoto wa kifua. Hata mwalimu wetu, aliyetuchapa bila huruma, alipopata matubwitubwi alikaa kwenye kigoda chetu kafungwa mashavu yote mawili. Tulipita mbele yake tukimpa shikamoo moja baada ya nyingine, maana tulijua hawezi kufungua mdomo. "Maumivu hayafukuzwi," bibi alikuwa akisema, "yanasindikizwa."

Na aliyasindikiza kweli. Asubuhi alifungua dawa iliyopoa, akaenda nayo nyuma ya nyumba, ilikopita njia ya zamani ya misafara. Huko ndiko wapagazi wa kwetu walikopita na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Reli iliinyang'anya njia ile watu wake zamani sana, ukabaki ukanda wa udongo mgumu usioota nyasi. Babu yake bibi alipita hapo akiwa na mzigo wake, hakurudi. Basi bibi alisimama ukingoni, akaisalimia njia tupu, "Mwangaluka," kama anavyosalimiwa mtu asubuhi, akaiweka dawa katikati. "Wamezoea mizigo hawa," alituambia. "Na huu watatubebea."

Sisi watoto hatukukanyaga pale. Nakwambia kweli, mchana wa jua kali, watu wakiwa mashambani, niliwahi kusikia miguu mingi ikipita taratibu, na mbuzi wetu wakageuza vichwa pamoja nami. Wanaonicheka kwa hilo nawaacha wacheke.

Kisha mama akaanza kuumwa titi. Alirudi kutoka hospitali mjini na vidonge vya maumivu, na habari ambayo wakubwa waliisema kwa Kinyamwezi cha chini chini nisielewe, wakasahau kwamba bibi alinilea kwa lugha hiyo hiyo. Ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Bibi hakumdanganya mtu kwamba angemponya. Alitaka binti yake apate usingizi, basi. Kila jioni alimbandika dawa ya moto, na mama akafumba macho akisema, "Hapo hapo, mama. Usiutoe mkono." Mimi nilitaka jambo moja tu, wapagazi waharakishe. Nilikwenda ukingoni mwa njia nikawasihi, nikawaahidi michembe yangu yote ya viazi vikavu, na karanga juu yake.

Asubuhi moja ya masika, kuku wakiwa wameshatoka bandani, mama alituacha akiwa usingizini. Bibi hakulia. Aliinua shuka, akaitoa dawa ya jana yake, akasimama nayo mlangoni. Nilimfuata, nikijua tunakokwenda. Hakwenda. Jirani yetu, mama mmoja wa Kimoraviani, akamwambia kwa upole, "Dada, nipe mimi nikakuwekee njiani."

Bibi akatikisa kichwa. "Bado ina joto," akasema. "Joto nililotia mimi liliisha usiku. Hili ni la mwanangu."

Akaketi kizingitini, akanivuta karibu, akaiweka dawa ile viganjani mwangu na kuifunika kwa mikono yake.

Sasa bibi naye hayupo, nyumba ile imeanguka, na tingatinga limepita juu ya njia ya wapagazi. Bodaboda zinakimbia pale zikipiga honi, na mnyonyo watu wanaung'oa kama magugu. Hayo nimeyazoea, ingawa nikipita huko moyo unaniuma. Nisilolizoea ni asubuhi ile. Tuliketi juani, bibi na mimi, tumelibana joto la mama kwa mikono minne, hatutaki hata kupumua kwa nguvu, na bado likapoa.