Ndizi Juu ya Keria

Miaka ishirini Magreth amepakia Land Rover za Mkuyuni kwa kanuni moja: kizito ndani, chepesi juu ya keria. Leo mama mkwe wake hakutaka mikungu yake ya ndizi ichubuliwe na miguu ya abiria. Magreth akaona haya kumbishia, akaipandisha yote juu.

Kwenye kona ya kwanza ya mteremko, gari likalalia upande wa bonde. Tairi mbili zikanyanyuka, kisha zikarudi chini kwa kishindo.

"Dereva, simama!"

Magreth akashuka, akakwea keria, akaanza kufungua kamba.

"Ndizi zangu utaziweka wapi, mkwe?" mama akalia dirishani.

"Kwenye kiti chako, mama. Mimi na wewe tutatembea."