Siki ya Kaka Nasri

Mie siki siwezi kuinusa nikakaa kitako. Juzi hapa Nizwa, mwenzangu kazini alifungua kopo la saladi yake ya mchana, ile harufu kali ikanipanda puani, na kabla sijajijua nimeshikilia meza kwa mikono miwili. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia kizunguzungu. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nimerudi Ibra, nina miaka tisa, nimebeba kikombe nisichotaka kifike?

Nawaambieni nyie, maana nyie hamtamfikishia mke wa kaka yangu.

Nyumbani kwetu Ibra tulikuwa watano. Baba alifanya kazi serikalini, mama alisomesha skuli, na kaka yangu mkubwa alikuwa Nasri. Mie Zuwena nilikuwa kitinda mimba. Juu yetu sote alikuwa bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Unguja, aliyekuja Oman na watoto wake akiwa mtu mzima tayari. Kiswahili cha nyumba kilikuwa chake. Sisi tulikichanganya na Kiarabu mpaka akisema tunapika choroko na kokoto. Na ukimpita asubuhi bila shikamoo, siku hiyo chai unajipikia mwenyewe.

Kaka Nasri alirudi kutoka masomoni Uingereza na shahada moja na boksi moja kubwa. Ndani ya boksi mlikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko na bomba kwa chini, kopo zito, pakiti ndogo ya hamira, kipimo cha kioo cha kuelea, na kijidude cha plastiki cha kuchomekwa juu ya mfuniko. Sote tulikizunguka kile kitu pale ukumbini. Bibi akauliza ni vya nini.

"Vya kupikia siki, bibi," kaka akasema, bila kupepesa. "Siki ya Kizungu."

"Siki?" Bibi akalichukua kopo, akaligeuza, akalirudisha. "Basi jambo jema. Yangu imebaki kidogo."

Baba alifurahi kupita kiasi. Kwake yeye, kijana aliyesoma akarudi na kazi ya mkono ni kijana aliyekamilika. Tangu siku ile, kila aliyeingia kwetu kunywa kahwa aliambiwa, hata kama hakuuliza, kwamba Nasri anapika siki.

Kaka alinichagua mie kuwa msaidizi wake, na mie nikavimba kichwa. Tulifanya kazi katika stoo, chumba kilichopakana na majlis, ukumbi wa wageni wa kiume. Kwanza tuliosha kila kitu kwa maji ya moto, mara mbili, mara tatu, mpaka vidole vyangu vikanyauka. "Uchafu ndio adui," kaka akawa anasema, kama mwalimu wa sayansi. Kopo tuliliweka ndani ya maji ya moto mpaka kilichomo kikalainika. Kilikuwa cheusi na kizito kama asali ya tende, kinanukia mkate ulioungua. Nililamba kijiko. Kilianza na utamu, halafu nyuma ya ulimi ukaja uchungu kama wa dawa. Tukamimina, tukatia sukari, tukatia maji, nikakoroga kwa mikono miwili, na mwisho kaka akanyunyizia hamira na kufunga mfuniko.

Alikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyomponza. "Unaona Zuwena? Kopo moja, sukari na maji ya bomba, unapata chupa arobaini nzuri kabisa. Nenda mahotelini Maskati, chupa moja tu watakuchuna ngozi."

"Kwani mahotelini watu wanakunywa siki kwa chupa?" nikauliza.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia, akaona kwamba amekwisha sema. Akachutama mbele yangu akaniambia kweli kwa kunong'ona. Ni bia. Wenzake wote kule walipika, ni kitu cha kujaribu tu, ataipika mara moja basi. Lakini hapa, akasema, ikijulikana polisi watakuja kumchukua, baba hatainua uso kazini, na posa yake itakufa. Maana alikuwa amemtaka Asila, binti wa Sheikh Hamud wa Mudhaibi, na jibu lilikuwa bado halijaja. Akaniapisha. Niliapa, na wallahi kuanzia hapo sikulala usingizi wa mtoto tena.

Wiki ileile, chuoni, mwalimu wetu wa Kurani alisomesha habari za ulevi. Akasema wamelaaniwa watu kumi: mwenye kuukamua, mwenye kuunywa, mwenye kuubeba, mwenye kuunywesha, akaendelea hivyo mpaka mwisho. Nilihesabu kwa vidole chini ya shungi langu. Kubeba nilikwisha beba. Kukoroga hakukutaja, nikaona huenda hilo ni la kumi na moja, langu peke yangu. Na kile kijiko nilichokilamba! Nilirudi nyumbani nikapiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu.

Halafu kaka akaitwa kazini, Sur, kwa mafunzo ya wiki mbili. Akaniachia ndoo. Kila asubuhi na kila nikirudi skuli nilitakiwa niizungushie chupa za maji yaliyoganda, kwa sababu stoo ilikuwa tanuri na joto lingeiharibu. Na ndoo ilikuwa na sauti. Kile kijidude cha juu kilikuwa kikicheua, blup, kikanyamaza, tena blup. Baba akiwa na wageni upande wa pili, mie nilikaa mlangoni pa stoo nikikohoa kila kikicheua. Mama akanipeleka hospitali. Nikapewa dawa ya kifua, nikainywa yote, bila kikohozi.

Siku ya tatu tangu kaka aondoke, bibi alisimama nyuma yangu pale mlangoni. Sikumsikia alivyokuja. Alivuta pumzi ndefu kwa pua.

"Siki hii inasema sana," akasema. Kisha akaziona chupa za barafu. "Kumbe weye ndiye unayenimalizia barafu yangu? Koma. Usitie tena."

Ningefanya nini? Kesho yake nilikuta mfuniko umewekwa pembeni, ndoo imefunikwa kwa kanga yake kuukuu na kufungwa kwa kamba. "Siki inataka pumzi," akaniambia. "Kaka yako hajui kitu." Nilimwona akilini bibi yangu, mtu wa sala tano na sunna zake, akitia kijiko mle ndani ili aonje. Nilimchunga kama mtoto anayetambaa. Akienda jikoni nipo, akienda stoo nipo. "Mtoto huyu kanganda kama kupe," akamwambia mama.

Wiki mbili za kaka zikawa saba. Alikuwa akipiga simu ya mama, na mama, baba na bibi wote wamekaa wanasikiliza. Nikipewa simu nilisema neno moja tu: "Siki yako haijambo." Lakini ilikuwa na jambo. Sauti ilikatika. Harufu ya mkate ilikwenda, ikaja nyingine iliyonichoma macho. Nikaamini imeoza na sasa imekuwa sumu, kwa hiyo juu ya haramu tutaongeza na mauti.

Kaka alirudi Ijumaa asubuhi, na Ijumaa hiyohiyo Sheikh Hamud alitoa taarifa kwamba atapita baada ya sala. Baba mkwe haji kula wali tu. Anakuja kumtazama kijana: anavyokaa, anavyomimina kahwa, anavyowajibu wakubwa. Kaka hakupata hata dakika ya kuingia stoo. Alinikamata ukumbini na kanzu yake mpya, akanong'ona, "Iko wapi?" Nikasema, "Bibi kaifungua." Rangi ikamtoka, na hapo baba akamwita.

Walikula. Sheikh Hamud alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyekulia Unguja naye, na Kiswahili chake kilikuwa kama cha bibi. Alimpenda kaka, hata mie niliona. Mie nilikuwa napeleka maji ya kunawa. Mzee akajisugua tumbo, akasema wali umemzidi, na kwao zamani mtu akishiba hivi hupewa siki kidogo ndani ya maji.

Baba akapiga paja. "Siki! Siki ipo, sheikh, na kaipika Nasri kwa mikono yake! Zuwena, mwanangu, kimbia ukakinge kikombe."

Nilimtazama kaka. Alikuwa anamimina kahwa kwenye kikombe kilichokwisha jaa.

Nilikimbia, lakini jikoni, si stoo. Nilikwisha fikiri: nitatia siki ya bibi, ile ya tende, ya kweli, hakuna atakayejua. Nikapanda kigoda, nikaishusha chupa kutoka rafu ya juu. Ilikuwa tupu. Hata ule utando mzito uliokuwa ukielea ndani, ambao bibi akiuita mama wa siki na hamruhusu mtu kuugusa, haukuwamo. Nilikaa juu ya kigoda nikalia bila sauti. Nilifikiri niseme imemwagika. Nilifikiri nijitie kuzirai. Baba akaita tena.

Basi nikaenda stoo, nikafungua bomba, nikakinga. Ilitoka ya rangi ya chai. Nikasema moyoni, ya Rabbi, mie ndiye mbebaji, sasa ndiye mnyweshaji, na mnywaji ni mzee wa watu asiye na kosa. Nikaamua kujikwaa kwenye kizingiti ili kikombe kivunjike.

Bibi alikuwa amesimama kwenye kizingiti.

"Mbona unatetemeka?" akauliza. Alikuwa na mafua siku ile, leso mkononi. Akakichukua kikombe kile, akakiinua puani, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, nami nikaona ni zile nyiradi zake za kila siku. Akatia maji kidogo kutoka mtungini, akanirudishia.

"Mpelekee mgeni," akasema. "Kwa mkono wa kulia."

Nilipeleka. Kaka aliponiona alisimama. "Ami, usinywe! Bado... haijawa tayari."

"Siki haijawa tayari?" Sheikh Hamud akacheka, akapiga bismillah, akanywa.

Mzee alikunja uso, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa. Nikangojea polisi.

"Lo!" akasema. "Mashallah! Kali hasa. Ina uchungu kidogo kwa nyuma, lakini hii ndiyo siki. Tangu Unguja sijaonja siki kama hii. Kijana ana mkono huyu."

Bibi alikuwa amenifuata mpaka mlangoni pa majlis. Yeye, ambaye hakaliani na wanaume wageni, alikaa chini palepale juu ya zulia, ghafla, kanga imemtelemka begani. Nikasema ni magoti yake. "Usimsifu sana, sheikh," akasema kwa sauti ndogo. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Wazee wakacheka. Kaka hakucheka. Alimtazama bibi, na bibi akamtazama, mpaka kaka akainamisha kichwa.

Mgeni alipoondoka, kaka aliingia stoo peke yake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akambusu kichwa, akambusu mkono. Wakaijaza siki ile kwenye chupa wakiwa wamekaa pamoja, na kaka hakupika nyingine maisha yake. Ndoo ikawa ya bibi ya kulowekea ndimu za achari. Asila aliolewa kwetu mwaka uleule, na achari ya harusi yake, yenye uchungu kidogo kwa nyuma, watu waliisifia mpaka Mudhaibi.

Mie niliibeba khofu yangu kimya kimya miaka mingi. Nilikwisha maliza chuo kikuu ndipo nilipomwuliza bibi, siku moja ninampaka mafuta miguu, wakati ambapo alikuwa akilala zaidi ya kukaa. Nilimwambia kila kitu, mpaka kile kijiko. Alinishika mkono.

"Masikini mjukuu wangu. Nami nikadhani unapenda siki." Kisha akasema, "Nilijua siku ya tatu. Nyumba yetu mtaa wa Ng'ambo, kule Unguja, ilipakana na ya mgema. Harufu ile nimelala nayo utoto wangu wote. Na tembo likikaa wazi siku nyingi huwa siki, mama yangu akiinunua kwake. Nikamtilia mama wa siki wangu, nikamwachia Mungu."

"Kwa nini hukuimwaga tu, bibi?"

"Nikimwaga, atajua najua. Nasri ana haya na ana kiburi, ukimfedhehesha anaondoka. Watu wangu wengi nimewaacha ng'ambo ya bahari. Sikutaka kumpoteza na huyu kwa ajili ya ndoo."

Nikamwambia kwamba siku ile, katika nyumba nzima, yeye peke yake hakuogopa, na mie nilimwonea wivu kwa hilo. Nikamwuliza aliionja lini, akawa na hakika kiasi kile.

Alinitazama kama niliyemwuliza kama amepata kula nguruwe. "Niionje? Na kama ilikuwa bado haijageuka?"

Mkono wangu ulisimama juu ya mguu wake. Nikakumbuka alivyofumba macho pale kizingitini, ile midomo, na alivyokaa chini pasipo kiti wala mto. Miaka yote ile nilidhani mtu mzima ni yule asiyetetemeka.

"Pua tu, mwanangu," akasema. "Na mafua yenyewe unayakumbuka."