Saa Kumi na Sita za Job

Kaka yangu Makori alikuwa karani wa kituo cha kununua majani chai huku Magwagwa kwa miaka ishirini na sita. Kila gunia alilizamishia mkono hadi chini kutafuta jiwe au majani yaliyoloweshwa ili kuongeza uzito. Aliyapata mara mbili tatu tu, lakini alistaafu akiamini dunia nzima ina mawe chini. Hata mimi dada yake alinipima hivyo hivyo.

Mama alipofariki, kitinda mimba wetu Job alipiga simu kutoka Marekani. Angepanda ndege Minneapolis Jumanne saa tisa alasiri, mazishi yawe Alhamisi. Kwetu mama hafukiwi kabla ya kila mtoto kutupa konzi lake la udongo, na wa mwisho husubiriwa. Lakini baba alipokufa Job aliahidi hivyo hivyo na hakuonekana. Makori hakuwahi kusahau.

Alimtuma binti yangu Lorna aangalie kwenye simu. Minneapolis hadi Nairobi: kilomita elfu kumi na tatu, saa kumi na sita angani. Makori akahesabu kwa vidole. Jumatano saa moja asubuhi Job awe Nairobi, jioni awe hapa.

Jumatano jioni hakuwepo. Nilimwonyesha Makori ujumbe wa Job, kwamba amekwama Amsterdam akingoja ndege ya pili. Akacheka kwa pua.

"Anatuzungusha, Esnah. Saa zake ziliisha asubuhi. Huyo hajatoka hata kitandani."

Alhamisi simu ya Job haikupatikana. Saa sita mawingu yakajikusanya, mchungaji akauliza tufanyeje. Niliomba saa mbili tu. Makori akawaambia vijana wafukie, nami nikamchukia kwa moyo wangu wote, mbele ya kaburi la mama.

Saa nane teksi ikasimama langoni. Job akashuka na suti iliyokunjamana, simu imeisha chaji. Makori hakumsalimu. Alinyosha mkono, akapewa karatasi za ndege, akaanza kuzipekua.

Hapo ndipo hesabu ilipomgeukia. Saa tisa ya kule ilikuwa saa tano ya usiku kwetu. Hakukuwa na ndege ya moja kwa moja. Amsterdam Job alikalishwa saa kumi na tatu, kisha akaja na barabara kutoka Nairobi bila kupumzika. Makori alirudia kuhesabu mara mbili. Hakupata jiwe.

Job hakuwa akimtazama. Aliinama kando ya kaburi, kwenye udongo uliokwisha kusawazishwa, akachota konzi moja, akasimama nalo.

"Sasa huu nautupa wapi, kaka?"

Makori alizikunja zile karatasi, akazikunja tena.