Pedali za Kunasa

Nilizitoa pedali bapa za baiskeli yangu ya milimani, japo Siyu hatuna mlima, nikafunga za kunasa. Hizi hukishika kiatu mpaka ugeuze kisigino.

Asubuhi ya pili nikakutana na jeneza kijiani. Kwetu unashuka, unatia bega, hata kama humjui maiti. Nilifunga breki, nikasahau kisigino, nikaanguka ubavu na baiskeli juu yangu. Hakuna aliyecheka, wala aliyesimama. Nikachomoa miguu, nikaviacha viatu vimenasa, nikalikimbilia jeneza peku.

Nilipotia bega nikauliza ni nani. Nikaambiwa. Ni yule bwana aliyenifunza baiskeli utotoni, akikimbia nyuma yangu, mkono kwenye kiti, nisianguke.