Fundi wa studio alivyolifuta rovu la dada yangu kwenye kompyuta

Wakuu, wanaonizidi umri humu nawapa shikamoo. Waliobaki niamkieni, mimi ni bibi wa watu.

Nimeishia la nne, msinisahihishe herufi. Ninachosimulia ni kweli tupu na kinaniuma mpaka leo.

Dada yangu ana rovu. Huku milimani Lushoto wengi wa rika letu wana uvimbe huo shingoni, siyo ajabu. La kwake kubwa kama peasi. Tangu usichana analifunika kwa mtandio.

Picha alikuwa hataki kabisa. Nikamshawishi twende studio mjini, wajukuu zake wa Magoma wabaki na sura yake.

Kijana wa studio ndiyo kwanza alikuwa kaacha kamera ya mkanda, kanunua ya digital na kompyuta, anajiona daktari.

Picha ikatoka. Mwanamke mweupe kama sembe, hana kunyanzi, shingo nyororo ya mwali. Nyuma kawekewa maghorofa.

Dada akaitazama, kisha akaniambia, "Kumbe na wewe ndivyo ulivyotaka niwe."

Alidhani nimemtuma kijana. Akaondoka peke yake. Nilipomfuata kwake hakunifungulia.

Nikarudi studio kama nyuki.

"Bibi, nime-edit tu. Wateja wote wanapenda hivyo."

"Nani kakwambia shingo ya dada yangu ina makosa?"

"Nimempendezesha, bibi."

"Kampendezeshe mama yako. Nipe ile ya mwanzo."

Hana. Ame-save juu ya ile ile. Hapo nilimtukana kwa Kishambaa ambacho siwezi kukiandika hapa.

Binti yangu alikuwa na kamera ndogo ya digital. Nikamwambia, nifundishe.

Nikapiga picha kuku, nikapiga masufuria, nikapiga ukungu mpaka kuta zikanicheka. Nikajua kwamba ukimpiga mtu mwanga ukiwa mgongoni kwake, anatoka mweusi tii. Mgeuze autazame. Shika kamera kwa mikono miwili, viwiko ubavuni, usihemeheme. Na kwenye kompyuta toa kopi kwanza, ya mwanzo usiiguse. Jambo dogo hivyo, na yule ana studio hajui!

Nikaenda kwa dada, nikasemea mlangoni. "Shikamoo dada. Yule kijana sikumtuma mimi. Nimekuja kukupiga picha mwenyewe."

Nikasikia komeo likivutwa.

Mlango ukafunguka. Akakaa kizingitini, uso kwenye mwanga, akauvua mtandio.

"Piga. Na hili lionekane, nimelibeba mwenyewe."

Nilicho-edit ni ukingo tu, nikakata mkia wa kuku uliojipenyeza.

Sasa picha iko ukutani kwa wajukuu, Magoma.

Nyie mnaoanza mambo ya picha, kabla hujafuta kitu kwenye mwili wa mtu, muulize mwenyewe kama ni kasoro.

Aliyewahi kufutwa sura na fundi aseme hapa. Na wa kuwatetea mafundi naye aje, nimekaa namsubiri.