Mama Eliza Alipokuja Kuanika Magodoro

Usiku ule nililala mapema, mwili umechoka na moyo umekwishaamua. Nilikuwa nimeshinda peke yangu kwenye kambi ya watoto ya kanisa letu, huku juu milimani Lushoto, nikijaribu kuiandaa kwa likizo ya Desemba. Tangu watoto waondoke mwezi wa saba hakuna aliyelala kule. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, buibui wametanda kila pembe, vibanda vya mbao vinanuka ukungu. Nilifagia kibanda kimoja tu, nikaketi kizingitini, nikashindwa kuendelea.

Miaka yote kazi ile tuliifanya wawili, mimi na Mama Eliza, mpishi wa kambi. Kabla watoto hawajafika alikuwa akija kunisaidia kufyeka, kupiga deki, kupaka chokaa mawe ya njiani, na soga haziishi. Alifariki mwezi wa tisa, baada ya kuugua kwa muda mrefu, tukamzika kijijini kwao Mlalo. Jioni ile nilimwambia Mchungaji kwamba nitarudisha funguo, atafute mtu mwingine, na asipopatikana basi kambi isifunguliwe mwaka huu. Hakunibishia. Alisema tu, "Pumzika kwanza, Mama Tumaini."

Usingizini nikajikuta niko kambini tena, asubuhi, jua limetoka na umande bado haujakauka. Mlango wa kibanda cha juu uko wazi. Mama Eliza anatoka amejitwisha godoro, kanga ameifunga kiunoni, anatembea kama zamani, kabla ugonjwa haujamwinamisha. Sikushangaa. Nilimpokea upande mmoja, tukalitandaza juu ya nyasi, tukaanza kulipiga kwa fimbo. Vumbi likapanda. Akapiga chafya, akacheka, nami nikacheka.

Tunapiga magodoro, na mara hatupo tena nje. Tuko jikoni, sufuria kubwa la makande linatokota, na vile vibanda ambavyo sijavifagia vimejaa watoto. Nawasikia wakigombania vitanda vya juu, kama wanavyogombania kila mwaka. Mmoja analia, anataka kwao. Mama Eliza anafuta mikono, anakwenda kumbeba, anambembeleza kwa Kisambaa mpaka ananyamaza. Halafu watoto hawapo. Jiko limepoa. Tumekaa kwenye ngazi za kibanda, mimi na yeye, na ukungu unapanda kutoka bondeni.

"Mbona vibanda vingine hujavifungua?" akaniuliza.

Nikamwambia siwezi. Kila mlango nikiufungua namwona yeye.

Akanitazama kwa upole, kama anayemkumbusha mwenzake jambo dogo alilosahau.

"Mimi nilizikwa Mlalo, Mama Tumaini," akasema. "Hapa sikuzikwa. Usipafanye kaburi langu."

Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa ameshasimama, anakung'uta vumbi kwenye kanga.

"Na Eliza umwambie," akasema, akashuka njia ya jikoni bila kugeuka.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mto ulikuwa umelowa machozi, lakini ule uzito wa jana sikuuona. Nilimpigia simu Mchungaji, nikamwambia funguo nabaki nazo. Akasema, "Ashukuriwe Mungu," wala hakuuliza kilichonibadilisha.

Kisha nikampigia Eliza. Yeye anaishi Korogwe, na tangu tumzike mama yake hajapanda tena huku. Hata mlima wenyewe, aliwahi kuniambia, hataki kuutazama. Nikamsimulia ndoto yote, na maneno ya mama yake nikampa kama nilivyoyapokea, bila kuongeza wala kupunguza.

"Mama mdogo," akasema, "mimi sijamwota hata mara moja. Alikuwa na maumivu?"

"Hapana, mwanangu. Hata kidogo."

Nikamsikia akivuta pumzi, halafu akalia taratibu, kilio cha mtu aliyejizuia siku nyingi. Nikamwacha alie. Alipomaliza, akaniuliza kama basi la asubuhi la kuja Lushoto bado linashusha abiria palepale, njia ya kambini.