Mama Tarakimu na redio iliyobakiza jaribio moja

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Mama Tarakimu ameinama ndani ya gari dogo jeupe, goti moja juu ya kiti cha dereva, mkononi ana vyuma viwili vyembamba. Anavichomeka pembeni mwa redio, kimoja kulia, kimoja kushoto, kisha anavuta taratibu. Redio inatoka kwenye dashibodi na mkia wake wa nyaya.

Kwenye kioo chake kidogo kuna tarakimu moja tu: 9.

"Mmebahatisha mara tisa?" anauliza bila kugeuka.

"Nane zangu," anajibu mwenye gari, mzee mrefu aliyefundisha hisabati miaka thelathini na ambaye hapa hana jina zaidi ya Mwalimu. "Moja ya muuza betri."

Redio za aina hii hazina msamaha. Ikikatiwa umeme, hata kwa dakika mbili za kubadilisha betri, inaporudi inadai namba ya siri ya tarakimu nne, iliyowekwa ili mwizi akiichomoa asifaidi kitu. Inavumilia kubahatishwa mara kumi. Ya kumi ikikosewa, inajifunga na haifunguki tena.

"Nilijaribu mwaka wangu wa kuzaliwa, wa mama watoto, wa kifungua mimba wetu," Mwalimu anaeleza, ameshika tama. "Nikajaribu na mwaka wa ndoa."

"Aliukosea," inasema sauti kutoka kiti cha abiria. Ni mkewe, mama mwembamba aliyevaa miwani myeusi. "Tulioana mwaka uliotangulia."

"Nikaujaribu na huo."

"Baada ya kubishana nami nusu saa."

Mama Tarakimu anacheka mpaka anatoka kwenye gari ili acheke vizuri. Kila siku ni hayo hayo, anasema. Watu wazima na akili zao wanaipa redio siku zao za kuzaliwa kana kwamba ilikuwapo kwenye sherehe. "Mzee wangu, redio haimjui mtu. Imetoka na namba yake kiwandani."

Lakini leo kicheko chake hakidumu. Mke wa Mwalimu alipoteza uwezo wa kuona miaka minne iliyopita, na figo zake nazo zimechoka. Mara tatu kwa wiki mumewe humpeleka hospitali kusafishwa damu, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Safari nyingine ni kesho.

"Kule mashine inanishika kwa saa nne nzima," anasema mama huyo. "Hizi za njiani nataka ziwe zangu. Nikisikia watu wanabishana redioni, nasahau ninakokwenda. Wiki hii nilisikiliza tairi tu, na tairi halina habari mpya."

Kabla ya kugusa kitu kingine, Mama Tarakimu ananyoosha mkono na kuomba kadi ya gari.

"Hata mimi?" anauliza Mwalimu.

"Hata wewe, baba. Redio ya wizi nayo inadai namba."

Mwalimu anatoa kadi huku akitabasamu. Ukitazama tabasamu hilo unajua wawili hawa hawakuanza kujuana leo.

Mama Tarakimu ana umri wa miaka arobaini na tisa. Kwa miaka kumi na miwili alitunza stoo ya duka la vipuri vya magari. Mkuu wake wa stoo, mzee mmoja mkali asiyejua mzaha, alimfundisha kuandika kila namba inayoingia na kila inayotoka. "Alikuwa ananigombeza hadi nalia," anakumbuka. "Leo nikishika kalamu namshukuru. Sijui kama nilimwambia."

Duka lilifungwa, unga ukamwagika. Nyumbani alikuwa na binti wa kidato cha pili na kodi ya nyumba. Dereva mmoja wa teksi, aliyemkumbuka kwa namba zake, ndiye aliyemletea redio ya kwanza, akamwambia ajaribu. Alianza chini ya paa la bati pembeni ya sehemu ya kuosha magari, ambapo mpaka leo mwenye eneo hamtozi pango. Siku nzuri anapata wateja wanne. Siku mbaya anasaidia kukunja matambara. Kwa kazi hiyo binti amefika chuo cha uuguzi, na mama anasema si haba hata kidogo.

Ila nusura aiache wiki ya tatu tu.

Wiki hiyo, miaka sita iliyopita, Mwalimu alileta redio iliyobakiza jaribio moja, kama leo. Mama Tarakimu alisoma namba kwenye kibandiko cha mfuniko wa nje, akaituma kwa karani wa wakala wa magari, akapewa namba ya siri, akaibonyeza bila wasiwasi. Redio ikajifunga pale pale. Kumbe mfuniko ulikuwa wa redio nyingine. Fundi fulani zamani alichanganya mbili akapata moja.

"Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani," anasema. "Nilikusanya vyuma vyangu, nikaamua kesho naenda kutafuta kazi ya kufua."

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alirudi. Mama Tarakimu alidhani amekuja kudai redio yake.

"Nilikuja kuangalia kama amefungua kazi," anasema Mwalimu. "Nikamwambia, umejifunza kwa redio yangu. Ukiacha kazi leo, redio yangu itakuwa imekufa bure."

Mama Tarakimu anageuka upande, anajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vina vumbi. Anasema tangu siku hiyo hajawahi kulala bila kumwombea mzee huyu.

Sasa anakaa kwenye kiti chake cha plastiki, redio mapajani. Anasoma kibandiko cha mfuniko, namba anaiona kama anaijua, kisha anavuta daftari la kwanza kati ya saba aliyonayo, yenye namba za redio zaidi ya elfu mbili. Anafungua ukurasa wa pili. Anatazama kibandiko, anatazama daftari. Anamwonyesha Mwalimu.

Namba ni ile ile. Pembeni yake, kwa wino mwekundu, pameandikwa: KOSA LANGU.

"Baba, huu mfuniko si wa ile redio tuliyoiua?"

Mwalimu anajikuna kichwa. Redio hii aliinunua kwa muuza vyuma chakavu ikiwa bila mfuniko, na karatasi yenye namba yake ya siri ilipotea walipohama nyumba. "Nikaona ule wa zamani mzima, kwa nini niutupe? Nikamwambia fundi aufunge."

"Hajawahi kutupa kitu maishani," anasema mkewe. "Ndiyo maana bado niko naye."

Mama Tarakimu hacheki safari hii. Anachomoa nyaya, anafungua skrubu nne, anaweka mfuniko pembeni. Kwa kioo cha kukuzia anatafuta namba iliyochapwa kwenye bodi ya ndani, anaiandika, anamsomea Mwalimu, Mwalimu anamrudishia tarakimu moja moja. Anaituma kwa karani yule yule. Dakika ishirini zinapita.

Simu inalia. Tarakimu nne.

Anairudisha redio kwenye nyaya, anafuta kidole kwenye sketi, anabonyeza. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne anasita, anapiga moyo konde, anabonyeza.

Sauti ya mtu anayetangaza rangi za nyumba inajaa garini.

"Punguza," anasema mke wa Mwalimu. Halafu, kabla mkono wa mumewe haujafika: "Hapana. Acha hivyo hivyo."

Machozi yanamtoka chini ya miwani, naye hayafuti. Anasikiliza bei za rangi mpaka mwisho.

Mama Tarakimu anaandika namba ya siri kwa penseli ndani ya sanduku la dashibodi, na tena kwenye daftari. Mwalimu anamwomba basi afute yale maneno mekundu, maana deni limelipwa. Anakataa. Anasema ukurasa huo ndio uliookoa redio leo.

Mwezi ujao anaanza kuwafundisha wanawake wawili waliomwomba kazi hii, mmoja mjane, mwingine aliyepoteza kazi dukani kama yeye. Anataka somo la kwanza liwe ule ukurasa wa pili.

"Basi nitawaletea ile redio yenyewe," anasema Mwalimu. "Iko kabatini mpaka leo. Tatizo haina mfuniko."

"Ndivyo ninavyoitaka," anasema Mama Tarakimu. "Waanze kwa kutazama ndani."